Maneno Niliyomwambia Mbwa

Mama alikubali kushuka mjini kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa ndani ya kikapu, limejikunja juu ya majani makavu ya mgomba, linakoroma.

"Huyu asipokwenda, na mimi siendi," aliniambia.

Tulikuwa tumesimama mbele ya nyumba yake kule Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Gari nililokodi lilikuwa barabarani na dereva alishapiga honi mara mbili. Mama alikuwa na kidonda kwenye unyayo wa mguu wa kulia. Kisukari kilikuwa kimemla polepole, hasikii maumivu, mpaka siku alipovua buti la shambani akakuta soksi imelowa damu. Daktari aliniita pembeni akanieleza bila kupamba maneno: kidonda kisafishwe hospitali kila baada ya siku moja, mgonjwa asikanyage shamba, la sivyo mguu utakatwa. Kwa Mama ni juu kabisa, na mvua ikinyesha hata bodaboda hukataa kupanda. Hakuna namna angeweza kushuka na kupanda vile kwa miezi mitatu. Ilibidi aje kwangu. Ng'ombe tulimpeleka kwa jirani, kuku tukawagawa, na mbwa jike mkubwa akabaki kulinda kihamba, shamba letu la migomba na kahawa. Kikabaki kikapu hicho, na ndani yake mtoto mmoja wa yule mbwa, dume, mwenye umri wa wiki saba au nane hivi. Mama angetaka kuja na mgomba mzima na mizizi yake, siku ile ningekubali.

"Haya, twende naye," nikasema.

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili pale Majengo, kwenye nyumba ya uani: vyumba vinatazamana, bomba katikati, kamba za nguo upande mmoja, na choo kule mwisho. Mama mwenye nyumba aliishi vyumba vya mbele. Alikuwa mjane, Mwislamu wa swala tano, mzaliwa wa hapo hapo Moshi, na ukimuuliza asili yake atakutajia babu Mmanyema, bibi Mpare na shangazi wa Pangani mpaka ujute kuuliza. Alimpokea Mama kwa mikono miwili, akamletea kiti chenye mto. Kisha akachungulia kikapuni, akakusanya dera lake mpaka magotini.

"Fundi, hiki nacho ni nini?"

"Ni mbwa wa Mama."

"Naona ni mbwa. Nauliza kinafanya nini uani kwangu."

Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza taratibu kwamba kwao mate ya mbwa ni najisi, akiguswa nguo inabidi afue upya ndipo asali. Kwa hiyo alitoa masharti yake. Mbwa asifike kwenye kamba za nguo. Asichafue baraza wala ua. Haja zake akafanyie nyuma ya ukuta wa choo, penye kipande cha udongo na mpapai uliodumaa. Na zaidi ya yote, nyumba isinuke.

"Mwezi wa Ramadhani ukiandama, watu wanakuja kufuturu hapa," alisema. "Mpaka hapo awe amejifunza. Akishindwa, arudi kwao, na tusilaumiane."

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja na nusu. Nilipomwingiza Mama ndani na kumlaza, alimnyanyua yule mbwa akamtazama usoni.

"Umesikia wewe?" alimwambia. "Wakikuondoa, tunaondoka wote wawili. Uwaambie."

Alikuwa akiniambia mimi. Nyumbani kwetu maneno mazito hayakupitishwa mbele ya uso wa mtu. Yalipitishwa kwa mnyama. Mama akiwa na jambo na Baba, alisubiri Baba akae kibarazani na chai yake, kisha akaenda bandani na kumwambia ng'ombe kwa sauti ya kanisani: "Wewe kula tu. Sisi wenzako wiki ya pili hatuna mafuta ya taa, na wenye nyumba wamenyamaza." Baba alimaliza chai, akavaa kofia, na jioni mafuta ya taa yakawepo. Hakuna aliyelizungumza tena. Baba naye alijibu kwa kupitia mbwa, ambaye katika nyumba ile alisikia lawama nyingi kuliko mchungaji wa usharika. Mimi nilijua kwamba Baba amefurahi nilivyofaulu darasa la saba kwa kumsikia akimwambia ndama. Sijui kama ni ukoo wetu tu au ni mlima mzima. Ninachojua ni kwamba nilikua nikiamini kwamba mtu akiongea na mnyama kwa sauti, kuna binadamu mahali fulani anatakiwa kusikia.

Basi nikaanza kazi ya kumfundisha mbwa. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo kila tone la mkojo lilipita mbele ya macho yangu. Nilitazama video kwenye simu. Zilikuwa za watu wenye nyumba za mazulia na bustani za nyasi, wanaongea na mbwa wao kama wanambembeleza mtoto wa mfalme, na mbwa anatii. Nikatandaza magazeti mlangoni kama walivyosema. Wa kwangu aliyatafuna magazeti, akakojoa sakafuni. Nikamwaga siki pale alipochafua. Akahamia kwenye vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Nikaviondoa vitambaa. Akaenda kwenye kitenge cha mteja, kilichokuwa kimeshakatwa na kupigwa pasi kwa ajili ya sendoff ya Jumamosi, akachutama katikati ya maua, akanitazama machoni.

Hasira zangu ziko karibu. Nimejaribu kuzipeleka mbali tangu nikiwa msichana, zinarudi. Siku ile nilimshika shingo nikamsugua pua kwenye ule mkojo, kama nilivyoona watu wote wakifanya tangu nizaliwe, nikamtupa nje. Alilia uani mpaka mama mwenye nyumba akafungua dirisha kutazama kama kuna mtu anachinjwa.

Mama alikuwa kitini, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Alisubiri nimalize kupiga deki, akamwita mbwa, akampangusa pua kwa upindo wa kitenge chake.

"Pole," alimwambia. "Umepata mwalimu anayepiga kabla ya kufundisha."

"Basi Mama, mfundishe wewe."

"Sijaombwa."

"Nakuomba."

Akafurahi. Nilimwona akijiweka sawa kitini, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke mjini akawa na uso wa mtu mwenye kazi.

"Huyu amezaliwa wapi?" aliniuliza.

"Kwenye banda la ng'ombe."

"Chini kulikuwa na nini?"

"Majani makavu."

"Sasa unamshangaa nini? Tangu afungue macho anamwona ng'ombe anakojoa juu ya majani, mama yake anamhamisha kwenye majani, na asubuhi majani yanazolewa yanakwenda kwenye migomba. Hapa kwenu chini ni saruji. Anatafuta kitu kinachofanana na kwao, anapata kitenge. Kakosea nini?"

Nikabaki na dekio mkononi. Mimi niliyezaliwa kule kule, niliyelala miaka kumi na nane ukuta mmoja na ng'ombe, nilikwenda kutafuta elimu ya mbwa kwenye simu.

Jumapili baada ya ibada nilipanda Uru na kiroba kitupu. Nyumba ilikuwa imefungwa, mbwa mkubwa akanipokea kwa kunizungukazunguka. Niliingia kihambani na kisu nikaanza kukata majani yaliyokauka, yale yanayoning'inia kwenye shina la mgomba. Kulikuwa kimya, isipokuwa mfereji uliokuwa ukipita chini ya kahawa. Harufu ya majani yale nilikuwa nimeisahau, na sikujua kwamba nimeisahau.

Kazi hiyo ilikuwa yangu nikiwa mtoto. Kabla ya shule, ukungu bado umelala kwenye migomba, nilizoa majani yaliyolowa usiku kwa mikono, nikayabeba kichwani kwenye tenga kuukuu, maji ya banda yakinichuruzika shingoni. Kisha nikatandika makavu. Niliichukia kazi ile kwa moyo wangu wote. Nilikaa dawati la mbele nikiwa na hakika kwamba darasa zima linaninusa, na nikaapa kwamba nitaishi mjini, kwenye saruji, nisiguse tena kinyesi cha kiumbe chochote. Baba wakati mwingine alinisubiri njiani, akanitua tenga, akalibeba yeye mpaka mgombani bila kusema kitu. Nilipokuwa nimejaza kiroba changu nilikaa chini na nikalia, sitaficha. Nilimlilia marehemu Baba, na nililia kwa sababu ningetoa chochote nibebe lile tenga mara moja tena, na Mama akiwa jikoni, mzima, miguu yote miwili ndani ya mabuti, ananifokea kwamba nimechelewa.

Jioni tukaanza shule upya, Mama akiwa mwalimu mkuu na mimi mikono yake. Nilitandika majani mlangoni. Mbwa akiamka, akila, akimaliza kucheza, nilimbeba nikamweka pale, nikasubiri. Hazikupita hata dakika mbili akakojoa. Mama akasema, "Aika!" ndiyo asante ya Kichagga, tena kwa sauti ya shukrani ya kweli, na akampa kipande cha maini.

"Unamshukuru mbwa kwa kukojoa?" nikauliza.

"Katupa mbolea. Nyumbani mnyama akitoa mbolea anashukuriwa. Au na hilo umelisahau?"

Aliniagiza nisizoe majani yote. Jani moja lililolowa libaki katikati ya mapya, ili pua yake imkumbushe. Na kila siku nisogeze tandiko hatua moja: kutoka mlangoni hadi barazani, kutoka barazani hadi kwenye ngazi, kisha kando ya ukuta, mbali na kamba za nguo, hadi nyuma ya choo. Nikisogeza hatua mbili kwa uvivu wangu, mbwa alirudi alipokuwa jana, na Mama alinicheka. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, akautazama mguu wake, akaongeza, "Mimi mkuu, na guu limevunjika langu. Mambo ya dunia!" Tulicheka wote. Siku zile zilikuwa nzuri. Asubuhi nikimpeleka hospitali, muuguzi anamsafisha kidonda, mchana nashona na yeye anatoa vifungo kwenye nguo kuukuu, jioni tunasogeza choo cha mbwa. Kilele cha Kibo kilionekana juu ya bati la jirani, na Mama alikuwa akikitazama na kuniambia kule kwake saa hizi kuna mvua au hakuna.

Wiki ya tatu ilipoisha, mbwa alikuwa anatoka mwenyewe. Aliamka, akajinyoosha, akavuka ua akifuata ukuta kama mtu anayekwenda ofisini, akapotea nyuma ya choo, akarudi. Majani yaliyotumika niliyafukia chini ya ule mpapai, na mpapai ukaanza kutoa majani mapya. Mama mwenye nyumba alimtazama siku moja akipita, dera limekusanywa kwa tahadhari, akatikisa kichwa.

"Huyu ana adabu kuliko wapangaji wangu wa chumba cha tatu," alisema.

Tena alikuwa mkaidi kwenye adabu yake. Siku moja mvua kubwa iliyasomba majani yote. Nilimkuta amesimama nyuma ya choo, amelowa, anatetemeka na kulia, hataki kukojoa kwenye udongo mtupu. Nilikimbia ndani nikachukua fungu la majani kutoka kwenye kiroba, nikalitupa chini, akalipanda hapo hapo akajisaidia kwa muda mrefu. Nilimsimulia Mama, akacheka mpaka akashika mbavu.

Zikiwa zimebaki kama wiki mbili kabla ya mfungo, nikakuta dimbwi dogo chumbani, sakafuni, karibu na kitanda cha Mama. Mbwa alikuwa akilala pale pale, kwenye gunia. Nikasema bahati mbaya, nikafuta. Baada ya siku mbili nikakuta jingine. Kisha likawa jambo la kila asubuhi. Nikianza kumgombeza mbwa au kumchapa, Mama aligeukia ukutani. Mchana nilimwona akimpa nyama kutoka kwenye bakuli lake la mtori, nyama zote, yeye akabaki na ndizi na mchuzi. Nilidhani anamdekeza.

"Mama, ukimpa nyama anapokosea, atajifunza nini?"

Hakunijibu. Hata mbwa hakuambiwa kitu.

Kilikuwa kipindi cha mvua, madirisha yamefungwa, godoro halikauki. Mama mwenye nyumba alinisimamisha bombani, akashusha sauti ili Mama asisikie.

"Fundi, kuna harufu. Nilidhani tumemaliza."

"Tumemaliza, mama. Sijui kimemwingia nini."

"Zimebaki siku nane," alisema. "Sipendi kukwambia hivi, na mama yako nampenda."

Nilielewa. Mbwa akiondoka, Mama naye anaondoka, na kidonda kilikuwa hakijafunga. Muuguzi alikuwa amenionyesha nyama mpya pembeni, nyekundu, safi, akaniambia mwezi mmoja zaidi. Mwezi mmoja tu. Nilikuwa nikiamka na hesabu hiyo kichwani na kulala nayo.

Asubuhi ya kesho yake ilikuwa siku ya hospitali. Niliingia kumwamsha Mama, nikakanyaga maji, kandambili moja ikachomoka. Nilitazama chini. Hasira ilipanda moja kwa moja, sikuona kitu kingine. Nilivua kandambili ya mguu uliobaki, nikamchapa nayo yule mbwa pale aliposinzia kwenye gunia, na maneno yakatoka, ninayakumbuka yote.

"Nakulisha! Nakubeba! Nakusafisha kila siku, na malipo yangu ndiyo haya? Mkubwa mzima hujui kujizuia! Umenichosha. Hapa si kwako. Kesho unarudi Uru, ukakae huko na uchafu wako!"

Mbwa aliingia chini ya kitanda. Mama alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Nilidhani bado ana usingizi. Nikapiga deki kwa kelele, nikambandikia chai, nikatoka barazani kumalizia pindo la sketi ili mikono yangu ipate kazi.

Niliporudi ndani nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa. Alikuwa amefunga kilemba chake cha kanisani. Mguu mzima ulikuwa ndani ya kiatu, ule wenye bandeji ameuzungushia mfuko wa plastiki, akaufunga kwa kamba. Kikapu kilikuwa mapajani, na ndani yake vitenge vyake viwili, dawa zake na kitabu cha nyimbo.

"Kikapu cha nini, Mama? Tunakwenda hospitali tu."

"Nipeleke stendi. Napanda Uru."

"Kwa sababu ya mbwa?"

"Akufukuzaye hakuambii toka," alisema.

"Nani kakufukuza?"

"Sina neno na wewe. Umesema vizuri. Baba yako naye angesema hivyo hivyo, ila asingetumia kandambili."

"Mama, nilikuwa naongea na mbwa!"

Alinitazama. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikirudi, neno kwa neno: nakulisha, nakubeba, nakusafisha. Mkubwa mzima. Hapa si kwako. Nikatazama sakafu, ambayo ilikuwa bado haijakauka. Ilikuwa saruji tupu. Hapakuwa na jani hata moja, na mbwa yule alikuwa tayari kutetemeka mvuani kuliko kukojoa mahali pasipo na majani. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimelisimulia mimi mwenyewe, tena kwa kucheka.

Nikakaa chini, pale pale kwenye unyevu.

"Hukujua," Mama alisema. Halikuwa swali. Uso wake ulibadilika, na sijapata kuona uso ulioona aibu kiasi kile, wa mtu aliyejisaliti mwenyewe.

"Sikujua, Mama."

"Mimi nilidhani umeshajua. Nikasema, ametumia njia ya nyumbani ili asinitazame usoni. Nikakushukuru moyoni. Ila maneno yalikuwa mengi."

Kisha akanieleza, macho kwenye kikapu. Sukari ilimfanya anywe maji, na maji hayasubiri. Choo kiko ng'ambo ya ua. Mguu wenyewe ukiamshwa ghafla haukubali. Alikuwa akifika ukingoni mwa kitanda, anasimama, na mambo yanaishia hapo. Mara ya kwanza mimi ndiye niliyesema ni mbwa, yeye alinyamaza tu. Baada ya hapo akashindwa pa kuanzia. Siku ya kwanza alipofika nilikuwa nimemwonyesha ndoo yenye mfuniko, na alikuwa ameniambia yeye si mgonjwa wa kitandani. Nilifurahi alipokataa, kwa sababu na mimi sikutaka awe hivyo.

"Huyu amepigwa kwa ajili yangu mara nne," alisema. "Nilikuwa nampa nyama."

Hakwenda Uru. Alibaki mpaka kidonda kikafunga, wiki mbili baada ya Idd, akapanda kwao kwa miguu yake miwili, na mbwa mbele yake. Mama aliishi miaka minne zaidi, akiwa na mabuti yake; alipofariki, mbwa nikamchukua mimi. Mama mwenye nyumba nilimweleza ukweli siku ile ile, bombani, kwa maneno machache. Mchana alikuja na mpira wa kutandika chini ya shuka, umekunjwa vizuri, umenyunyiziwa poda, akauweka kwenye kiti. Ulikuwa wa marehemu mama yake, akasema, na akauliza kama bado kuna tangawizi ya chai. Mambo ya mbwa hakuyataja tena, Ramadhani ile wala iliyofuata. Watu wananiuliza mpaka leo kwa nini kila nikipika mtori namwekea mbwa nyama kwanza, nami nasema ni mazoea. Mbwa yule sasa ni mzee, meno ya mbele hana, na nyama inabidi nimkatie.

Lakini asubuhi ile bado tulikuwa pale, mimi sakafuni na yeye kitandani na kikapu chake. Mbwa alitoa pua chini ya kitanda. Alipoona sina kandambili akatoka kidogo kidogo, akaja akanilazia kichwa kwenye goti. Nilimshika masikio. Nilijua ninachotakiwa kusema na nilijua namna tunavyosema kwetu. Nikainama.

"Nisamehe," nilimwambia mbwa. "Hapa ni kwako. Wewe ulinibeba mimi kabla sijajua kutembea, ukanisafisha, hukuhesabu. Sijachoka. Hata ikiwa kila siku, hata…"

Mbwa alinilamba mkono. Nilisikia kitanda kikilia, Mama anashusha kikapu sakafuni.

"Mwache mbwa," alisema. "Niambie mimi."

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na neno zito sikuwa nimepata kumwambia Mama uso kwa uso hata siku moja. Nilimwondoa mbwa gotini. Nikainua kichwa, naye alikuwa ananitazama, anasubiri, kilemba kimekaa upande. Nikamwambia.